Kafuri ya Mti

Kila asubuhi Kache aliuza mbaazi na mahamri mlangoni kwake, Tononoka. Siku hiyo hakuwasha hata jiko. Binti yake Joy, wa miezi saba, alikuwa amezibwa pua na mafua, na hanyonyi vizuri.

Ngowa, mumewe, aliingia na kipakiti kutoka Mji wa Kale. Alikuwa amejaa furaha.

"Mama Joy, ile dawa ya kuchua ya kopo tulikatazwa na nesi Zilpah. Alisema ina kafuri. Basi nimeleta kafuri ya mti! Mwenye duka asema ya asili haina madhara."

Kache aliiponda, akaichanganya na mafuta ya nazi, akampaka mtoto kifuani na puani. Joy akayagusa mafuta, akalamba vidole.

Haikupita nusu saa, mkono wa mtoto ukaanza kurukaruka. Macho yakapinduka.

"Ngowa! Degedege!"

Zilpah, jirani yao, alikuja mbio.

"Mmempaka nini?"

"Kafuri, dada. Lakini ni ya mti!"

"Mlaze ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Mfuteni mafuta, twende hospitali. Chukueni na hicho kipakiti, daktari akione."

Hospitalini waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Ngowa alirudia neno lile lile: "Lakini ni ya asili."

"Baba Joy," Zilpah alisema, "kafuri ni kafuri. Ya mti na ya kiwandani zafanya kazi moja mwilini. Mtoto mchanga haziwezi zote mbili, hata ya kupakwa. Mihogo michungu yatoka shambani kwenu. Mbona mtu akiila bila kuilowesha huumwa?"

Ngowa alijiona yeye ndiye aliyemleta mwanawe pale.

Kisha wakasikia mtoto akilia mle ndani, kwa nguvu. Kache naye akalia.

Joy alipona. Mafua yake yalitibiwa kwa matone ya maji ya chumvi kutoka kliniki, na kunyonya mara kwa mara.

Wiki iliyofuata Ngowa alirudi kwenye duka lile kumweleza mwenyewe yaliyotokea. Alimkuta mama mmoja kabeba mtoto mgongoni, ananusa kafuri.

"Ya asili hii, haina madhara," mwenye duka alikuwa akisema.

Ngowa hakungoja hata kusalimu.

"Samahani, mama," aliuliza. "Huyo mtoto ana miezi mingapi?"