Rezista Zilizokuwa Baridi

Kila asubuhi, kabla ya kugusa gari la mtu, Waya alifuta ncha ya pasi yake ya kulehemu kwenye sponji mbichi, akaisogeza karibu na shavu kusikia joto lake, ndipo akaanza kazi. Asubuhi hiyo ncha haikufika shavuni. Mlango wa chumba cha nyuma cha gereji ulifunguka kwa teke.

"Ni leo," akasema Bosi.

"Si ulisema Ijumaa?"

"Nilisema Ijumaa ili mwenye mdomo mrefu aipeleke hiyo Ijumaa. Kaeni."

Wakakaa, wanne tu. Bosi. Kimya, mshika bastola na dereva, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kaka, mwendesha pikipiki, ndugu wa Waya wa tumbo moja. Na Waya mwenyewe, mwanamke pekee kati yao, fundi umeme, aliyeingia kwenye genge hili kwa sababu moja: kuhakikisha Kaka anarudi nyumbani mzima.

Bosi akachora kwa chaki juu ya meza.

"Saa nane mjumbe wa sonara anatoka na sanduku la dhahabu. Kimya analichukua. Gari linakata kona ya kiwanda cha mikate. Kaka yuko pale na pikipiki, anapewa sanduku, anapotelea vichochoroni. Polisi watafuata gari. Gari litawavuta hadi barabara kuu, liwaache wanahesabu nguzo. Jioni tunakutana hapa." Akamgeukia Waya. "Sasa Fundi, niambie. Gari halitatuaibisha?"

Waya hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za watu. Lakini kwenye umeme ulimi wake ulifunguka.

"Nozeli nilizofunga ni za gari la mashindano. Zinamwaga mafuta mengi, na zinavuta umeme kwa pupa. Kompyuta ya gari hili haikuumbwa kulisha walafi. Kwa hiyo kila nozeli nimeifungia rezista yake, kizuizi cha umeme. Rezista inawashika mkono: kula taratibu, bwana. Joto lote linabaki kwake."

"Zikikosekana?"

"Utaliwasha, litakwenda vizuri tu. Huku kompyuta inaungua polepole. Halafu linazima, na haliwaki tena."

"Kama mimi na mke wangu wa kwanza," akasema Kimya.

Kaka hakucheka. Alikuwa akitazama chaki.

Saa sita mchana.

Waya aliliwasha gari, akalala chini yake, akagusa rezista nne alizozifunga nyuma ya bampa. Zilimchoma kidole. Akatabasamu, akalizima, akaenda kunawa. Kaka akabaki gereji, akisema anakaza mnyororo wa pikipiki.

Saa saba na nusu.

Kimya alikuwa ameshashika mlango wa dereva Bosi alipomvuta kwa kola.

"Wewe nyuma. Fundi ataendesha."

"Mimi?" akauliza Waya.

"Kwangu mimi, aliyefunga waya ndiye anayeshika usukani. Huwa nasema dakika ya mwisho, ili kila mtu afanye kazi kana kwamba atakufa nayo."

Kaka alikuwa akifunga kofia ya pikipiki. Vidole vikasimama kwenye kamba. Akamtazama dada yake, akatazama boneti, akamtazama tena.

"Una neno?" Bosi akamuuliza.

Kaka akaiondolea macho boneti.

"Sina," akasema Kaka, akakaza kamba.

Waya aliuhisi moyo wake ukijaa. Ana hofu juu yangu, akawaza. Ananipenda, hajui tu kusema.

Saa nane.

Mjumbe alitoka. Kimya akamwekea bastola mbavuni na kumwita shemeji. Sanduku likaingia, milango ikagongwa, Waya akakanyaga. Gari likaruka kama lililopigwa kiboko. Kona ya kiwanda cha mikate. Kaka pale, injini ikinguruma. Kimya akampitishia sanduku dirishani.

"Jioni, Kaka!" Waya akapaza sauti.

Kaka hakugeuka.

Ving'ora vikaanza nyuma yao. Waya aliendesha kama mtu anayesuka ukili, huku, kule, katikati. Polisi wakabaki mbali. Bosi, kando yake, akaanza kucheka. Kisha Waya akasikia harufu. Ilitoka chini ya dashibodi, kali, harufu ya plastiki na vanishi inayoungua. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja. Gari likakohoa, likazima katikati ya daraja.

Kimya alitoka mbio. Hakufika mwisho wa daraja. Gari la polisi lililotokea mbele likamlaza chini.

"Umeniuza!" Bosi akamburuta Waya nje, mtutu wa bastola yake kisogoni. "Hebu angalia! Nini hiki?"

Waya akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya bampa. Baada ya mbio zile, rezista zilipaswa kumbabua ngozi. Zilikuwa baridi kama vikombe kabatini.

Kando ya kila rezista kulikuwa na kipande kifupi cha waya, kilichoupitisha umeme pembeni bila kuigusa rezista. Kila kipande kilifungwa kwa tepu, na mwisho wa tepu ulikuwa umezungushiwa uzi wa cherehani. Baba yao aliwafundisha hivyo, ili tepu isifunguke kwenye joto. Duniani walibaki wawili tu wanaofunga hivyo.

"Nani?" Bosi akafoka.

Tangu utotoni, Kaka akivunja kikombe, akipasua dirisha, Waya ndiye aliyejibu. Mdomo ukajibu wenyewe.

"Ni mimi."

Kabla Bosi hajafyatua, risasi ya polisi ikamvunja bega. Akaanguka. Askari wakiwa bado mbali, simu ikaita mfukoni mwa Waya. Akapokea; alikuwa Kaka.

"Mdogo wangu. Umekimbia?"

"Ulidhani Kimya ndiye ataendesha."

"Ndiyo. Wallahi nilidhani ni Kimya."

"Na Bosi alipobadilisha? Ungesema neno moja tu, Kaka. Ungesema Waya anaumwa."

"Angenishuku. Nilifikiri... nilifikiri utagundua njiani."

"Hukufikiri hivyo."

Kaka akavuta pumzi. Nyuma ya sauti yake ilisikika pikipiki ikinguruma.

"Nililitaka lile sanduku," akasema. "Nililitaka kuliko..."

"Kuliko nini? Malizia."

"Kuliko wewe."

Simu ikakatika. Askari akafika, akamnyang'anya simu, akamfunga pingu akiwa bado amepiga magoti.

"Sanduku liko wapi? Nani ameharibu gari hili? Wewe?"

Waya akatazama ule uzi. Mazoea yakampandia kooni, maneno yaleyale mawili. Akayameza.

"Si mimi," akasema, kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. "Ni kaka yangu."