Mteja Yuko Salama

"Ukimtaja mwanangu, kesho tunakuzika."

Jamani, maneno hayo yalisemwa mbele yangu, saa nne asubuhi, na aliyeyasema alikuwa anatabasamu...

Aliyasema kwa Kirundi.

Kisha akatugeukia na kututafsiria. "Amesema aliteleza kisimani."

Tulikuwa Kasekese, ofisi ya kata. Mimi nilikuwa fildi, najifunza unasihi. Aliyevunjika mkono ni Candide, binti wa miaka ishirini. Mkalimani ni mama mkwe wake. Mume, Egide, alikuwa nje juu ya pikipiki, na muda wote hakuizima.

Msimamizi wangu, Madam Gaudensia, Mpimbwe mmoja mkimya, mwenyeji wa huku huku, alikuwa anajaza fomu.

Sasa nyie mnaosoma, niwape siri. Chuoni Mpanda wananijua kama Anna, Mfipa. Uongo mtupu. Mimi ni Annonciata wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na Kirundi nimekinyonya kwa mama. Nilificha kwa sababu nilichoka kuulizwa, "Kwani nyie mnarudi lini kwenu?"

"Muulize kama ana la kuongeza," Madam akasema.

Mama mkwe akamwinamia Candide. "Unaisikia pikipiki?"

Candide akaniangalia mimi.

"Mfasha," akanong'ona. Nisaidie.

"Anashukuru sana," mama mkwe akatafsiri.

Darasani tulifundishwa kumwambia mteja: nakusikia. Mtihani wa somo hilo nilipata A. Lakini pale niliogopa, wapendwa. Nikifungua mdomo tu, chuo kizima kitajua mimi ni nani.

Nikafungua.

"Ndakwumva." Nakusikia, nakuelewa.

Mama mkwe akaacha kutabasamu. Akaniuliza taratibu, kwa Kirundi kile kile, "Kumbe wewe ni mtoto wa nani?"

Nje, pikipiki ikazimwa... Nikasikia hatua zinakuja.

Madam Gaudensia akainuka, akafunga mlango kwa komeo.

"Ni wangu," akamjibu.

Kwa Kirundi. Kilichonyooka kuliko changu.

Madam akapiga simu. Polisi wa dawati la jinsia walifika, wakamchukua Egide na mama yake. Candide sasa yuko kwa dada yake.

Lakini kinachoninyima raha ni ile fomu. Niliiona mezani. Madam alikuwa ameshaandika: Mteja yuko salama.

Alikuwa amesikia kila neno, tangu mwanzo.

"Miaka kumi na moja najiita Mpimbwe na kunyamaza, mwanangu," aliniambia, analia. "Sijui nimewaandikia wangapi hivi."

Ndugu yangu, kama unaijua lugha ya mtu anayeomba msaada, mjibu. Watu wakujue tu.