Hapo Pana Mtu

Msusi alijiapiza mbele ya shangazi yake kwamba atakimbia kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Zipu ya gauni alilovaa kwenda harusini kwa jirani ilikuwa imemgomea mbele za watu, na shangazi, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Wewe? Wiki haiishi utakuwa umerudi kwenye godoro." Basi binti wa watu akanunua raba nyekundu, akajifunga kitambaa kichwani, akaingia barabara inayozunguka soko.

Soko lilikuwa limeshaamka. Wachukuzi wanafoka wapishwe njia, mikokoteni inagongana, harufu ya vitunguu imetanda. Msusi akakwepa gunia, akajikuta amebanwa kati ya ukuta wa soko na mwanamume mrefu mwenye fulana ya kijivu iliyoloa jasho.

"Dada, toka hapo," mwanamume alisema. "Hapo pana mtu."

Msusi akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Kaka, barabara umeinunua?"

Mwanamume akacheka kwa aibu, akamwomba radhi. Alikuwa kinyozi, kibanda chake kipo nyuma ya benki. Kesho yake wakakutana tena, na kesho kutwa. Akawa anamfundisha kupumua, naye msusi anamlipa kwa utani.

"Miguu yako hiyo, ukisimama karibu na ufagio hatujui tufagie na kipi."

"Na wewe kwa kuhema huko, soko zima linajua umefika."

Jioni simu hazikukauka.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na nimekukumbuka, ila usivimbe kichwa."

Msusi alikuwa ameshapenda, tena vibaya. Jambo moja tu lilimkera: kinyozi alikimbia daima upande wa magari, na upande wa ukuta hakumruhusu kuingia hata kidogo. Ilimbidi amfuate kwa nyuma. Na walipofika pale konani, ukuta unapokuwa mrefu na kelele za soko zinapofifia, vinyweleo vilimsimama. Ilikuwa kama kuna mtu mwingine anahema pale kati ya kinyozi na ukuta, taratibu, bila kuchoka.

Siku moja, palepale, akamsikia kinyozi akinong'ona: "Jikaze, mke wangu. Tunakaribia."

Msusi alisimama ghafla. "Una mke?"

Kinyozi angeweza kusema, "Nilikuwa naye." Ulimi ukagoma.

"Ninaye," alisema.

"Haya, msalimie!"

Simu iliita mchana kutwa. Jioni msusi akaipokea ili amtukane vizuri.

"Mpenzi, nisikilize," kinyozi alisema. "Mke wangu amefariki. Alinibembeleza tukimbie wote, mimi nikapenda usingizi. Akaenda peke yake, gari likamgonga pale konani. Tangu hapo nakaa mimi upande wa magari. Nikilala asubuhi moja tu, atakuwa peke yake tena."

Msusi alilia kimyakimya. Hata hivyo alisema lililokuwa moyoni. "Mwanamke aliye hai ningepambana naye. Huyu simuwezi. Kimbia naye, baba."

Akakata simu, na raba akazisukumia uvunguni. Shangazi alitazama hali yake, akanyamaza. Kwa shangazi yule, kunyamaza ni habari kubwa.

Kisha asubuhi moja, saluni imejaa wateja, kinyozi akasimama mlangoni. Shati limepigwa pasi, macho mekundu.

"Leo sikwenda," alisema. "Nimebaki kitandani, namsikia ananingoja. Niambie kama nimefanya vibaya, maana mimi sijui tena."

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Hasira zote zikamwisha, ikabaki huruma, na mapenzi yakiwa yaleyale. Akaweka kitana chini.

"Mama, nisamehe, narudi sasa hivi," alimwambia mteja. Akamgeukia kinyozi. "Twende."

Walikwenda kwa miguu, jua limeshawaka. Pale konani kinyozi akashindwa kuendelea. Jua kali namna ile, lakini ukutani palitoka baridi, na msusi aliihisi mpaka kwenye meno. Aliogopa, sitadanganya. Hata hivyo alimshika mkono.

"Mwambie nimekuja. Mwambie mimi ni nani."

Kinyozi akautazama ukuta. "Mke wangu, nilikuacha peke yako. Nisamehe. Siwezi tena kukimbia nawe, nimechoka, na nataka kuishi. Huyu..." Akamvuta msusi karibu. "Huyu nataka kumwoa. Yeye mwenyewe sijamwuliza. Nimeanza kwako."

Watu walipita wakimshangaa mwanamume mzima anayezungumza na ukuta. Mchukuzi mmoja akawafokea wapishe njia, hakuna aliyesogea.

Msusi akauachia mkono wa kinyozi. Aliusogelea ukuta, machozi yanamtiririka, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Nimekubali, mke mwenzangu," alisema. "Kuanzia kesho nitakimbia naye mimi. Wewe pumzika."