Bafa Zisizooshwa

Hitilafu ya kwanza ilikuwa ndogo: kwenye skrini ya wauguzi, mzee aliyekwisha kuzikwa alionekana akipumua.

Mtunzi wa programu za hospitali aliitwa, naye hakuhangaika kutafuta chanzo. Kadi ya mtandao hutegemea bafa, yaani vyombo vidogo vya kumbukumbu: programu huipa kadi chombo kitupu, kadi humimina humo pumzi na mapigo yanayotoka vitandani, kisha programu husoma, huosha chombo, na kukirudisha. Yeye alikuwa ameiondoa hatua ya kuosha ili mtandao uende kasi. Mabaki ya maiti yalikuwa yakipakuliwa pamoja na pumzi za walio hai.

"Umewalisha watu makombo, kaka," fundi wa nyaya, aliyeitwa Mbavu kwa wembamba wake, alimtania. "Kwani kwenu hamuoshi sahani?"

"Kwetu anaosha mdogo wangu," mtunzi alijibu, na kicheko kikawafia midomoni. Huyo mdogo wake alikuwa amelala wodini, ghorofa ya juu, hana fahamu, na pumzi zake zilipita katika kadi hiyohiyo.

Walipoingia chumba cha mitambo walilakiwa na uvundo wa nyama iliyosahauliwa mfukoni. Mbavu akafungua kifuniko. Ute wa manjano, mzito kama usaha, ulichuruzika kutoka kwenye kadi ukiburuta nywele; na nyuma ya feni kulikuwa na kitu kikilamba, taratibu, kwa ulimi mpana uliosikika ukikwaruza chuma, kikimeza, kikicheua, kisha kikilamba tena kile kilichokwisha kucheuliwa.

"Hii si ya mafundi," Mbavu alinong'ona huku ameziba pua. "Ngoja nimwite shangazi."

Shangazi yake, mganga, alifika mchana huo. Alinusa, akatema mate, akakataa kuketi.

"Jini mla mabaki. Huyu haalikwi na mtu, anaalikwa na uchafu. Sasa sikiliza, mwanangu: kwanza funga mlango anaopitishiwa chakula. Kisha mnyang'anye vyombo. Ndipo uoshe. Ukiosha mlango ukiwa wazi, hafi. Anahama."

Mtunzi alielewa kuliko mganga alivyodhani, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni ya kazi yake: simamisha kadi kwanza, ndipo uguse vyombo vyake. Lakini kadi ikisimama, skrini ya wauguzi ingezimika. Asubuhi hiyo mdogo wake alikuwa amekata pumzi, na ni skrini iliyowaita wauguzi. Mama yao aliyeketi kando ya kitanda alikuwa kipofu, na hakutambua lolote.

"Umefunga?" mganga aliuliza.

"Nimefunga, shangazi," alidanganya.

Mganga akaanza kusoma maneno yake kwa sauti ya chini, na mtunzi akaamuru bafa zote zioshwe, na kadiri zilivyooshwa ndivyo ulambaji ulivyogeuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kilio cha koo lililojaa makamasi, hadi ute wote ulipofyonzwa kurudi ndani ya kadi, na waya wa mtandao ukavimba kama shingo ya chatu anayemeza, na ule uvimbe ukapanda ukutani, polepole, ukipwita, ukapenya dari.

Harufu ikakoma. Mganga aliitazama dari, kisha akamtazama yeye.

"Mwanangu, ule mlango…"

Simu ya mtunzi ililia. Alikuwa mama yake, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Amezinduka! Mdogo wako amezinduka, baba! Kaketi mwenyewe, namsikia anakunywa kwa pupa, mafunda makubwamakubwa." Kisha sauti yake ikashuka. "Ila nani kamwekea maji? Mimi nimepapasa meza yote hapa. Hakuna chombo, ila lile kopo la makohozi."