Kimya cha Fundi Lifti

Lifti ilikwama asubuhi ukumbi umejaa watu. Mwalimu, gauni la kijani, viatu virefu mkononi, alikuwa anaanza kupanda ngazi.

"Dakika mbili tu, dada," akasema fundi lifti, grisi hadi viwikoni.

"Mbili za kwenu au za kwetu?"

Fundi akacheka. Lafudhi yake ilikuwa imeshamtaja kuwa ni mgeni.

Mwalimu alifundisha makampuni tabia za mataifa: wapi watu husema wazi, wapi huzunguka, wapi bosi huogopwa, kila nchi na alama zake kwenye jedwali. Na zilimfaa alipoanza kupendana na Fundi, tusimwonee. Alijua watu wa kwao Fundi hawapendi kuharakishwa, akatulia. Alijua mama hutangulizwa, akampigia simu mapema. Mama mtu akamwita mkwe siku hiyo hiyo.

"Umemroga mama yangu!"

"Nimesoma tu, mpenzi."

Jioni moja, wakiosha vyombo, akamuuliza, "Utanioa?"

Fundi akaduwaa, sahani mkononi, maji yakimtiririka. Mwalimu aliyajua majedwali yake: watu wa kule hawatamki hapana, hunyamaza. Akachukua mkoba, akaondoka asije akamwaibisha. Simu za Fundi hakuzipokea.

Lakini kimya kile kilimwandama. Alikisikia darasani baada ya kila swali. Akifungua bomba, kipo, kinamsubiri. Usingizi ukamruka, gauni likampwaya.

Siku moja mwanafunzi mmoja, mtu wa nchi ile ile, aliangua kicheko mbele ya jedwali. "Sisi tunanyamaza? Mwalimu, njoo kwetu uzibe masikio!" Darasa zima likacheka. Mwalimu alitoka nje, akampigia Fundi simu.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Marehemu mke wangu aliniuliza vile vile, tukiosha vyombo." Sauti ya Fundi ilikuwa imekauka. "Nilisikia sauti yake. Nikaogopa nikisema ndiyo nitakuwa namjibu yeye. Kugeuka, hupo."

"Hukuniambia uliwahi kuoa."

"Hukuniuliza, mpenzi. Uliniuliza habari za nchi yangu tu."

Mwalimu aliona aibu. Akaaga kazini, akaenda kwa Fundi na viatu vile vile virefu vya kumuumiza. Fundi alifungua mlango, akasimama kama mtu asiyejua aombe radhi au aombwe.

Swali la ndoa Mwalimu hakulirudia.

"Marehemu aliitwa nani?" akauliza.

Fundi akamtajia jina, akalia, kisha akamvuta ndani.