Chokaa ya Jikoni

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa, na Fidencio naye alitamani kulala. Mtoto wake wa kwanza hakuwa na habari na usingizi wa watu. Kijijini kwao, katika milima ya Oaxaca nchini Meksiko, mzazi hasogei jikoni mpaka arobaini iishe. Kwa hiyo Otilia, mkewe, alipumzika kitandani. Jiko likawa mikononi mwa Fidencio, fundi wa kupaka kuta chokaa, ambaye hakuwahi kupika hata yai.

Alichemsha mahindi kwa maji matupu. Akayapeleka mashineni, yakasagwa, akakanda donge. Lakini kila tortilla aliyoitandaza, chapati yao ya mahindi ya kila siku, ilipasuka. Kwenye kikaango ilivunjika vipande. Otilia alionja kidogo, akairudisha sahani kwa upole. Alizidi kukonda.

Mama yake Otilia, Bi Hermelinda, alikuja kumwona mjukuu. Aliviangalia vile vipande kwa muda. Kisha akasema kwamba Jumapili angerudi kwake, kijiji cha pili, na angemchukua binti yake pamoja na mtoto.

"Sina ugomvi na wewe, mwanangu," alimwambia Fidencio. "Ila mzazi halishwi makombo."

Fidencio alitoka nje, machozi yakimlenga. Nyumba bila Otilia aliiona tupu kabla hata hajaondoka. Jirani yao, Bi Crescencia, alikuwa barazani akichambua maharage. Fidencio akamweleza yote.

"Chokaa ulitia kiasi gani?" aliuliza Bi Crescencia.

"Chokaa? Nilikuta kopo lake jikoni, nikalitupa. Nilidhani ni la kazini, nimelisahau mimi. Kitu kinaniunguza mikono kazini, Bi, nimlishe mke wangu?"

Bi Crescencia alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Maskini baba wa watu! Ile ya ukutani ni ya ukutani, jikoni isiingie kabisa. Iko ya kupikia, safi, inauzwa sokoni. Kijiko kimoja kwa kilo ya mahindi."

Fidencio aliikimbilia sokoni, na jioni ile walibandika chungu pamoja. Maji yalipopata chokaa, mahindi yaligeuka manjano kama jua la asubuhi. Harufu ya ardhi iliyonyeshewa ikajaa jikoni. Fidencio aliukodolea macho mvuke. Alihisi kwamba bibi zake wote, hata wale asiowajua, walikuwa wamesimama humo wakikoroga polepole. Moyo wake ukatulia.

Bi Crescencia alisugua punje moja, ganda likatoka. Akaepua. Alisema mahindi yalale kwenye maji yale hadi asubuhi, kisha yaoshwe vizuri ndipo yasagwe.

"Chokaa ndiyo inayolishikisha donge," alieleza. "Tena ndani ya mahindi mna vitamini iliyofungwa. Bila chokaa, mwili hauipati vizuri. Zahanatini walitusimulia kwamba mahindi yalipopelekwa ng'ambo zamani, watu hawakuchukua na ujuzi huu. Maskini waliokula mahindi karibu matupu waliugua, ngozi ikawachubuka. Na chokaa yenyewe inajenga mifupa. Mnyonyeshaji anaihitaji."

Jumapili Bi Hermelinda aliingia jikoni akiwa amejifunga mtandio wa safari. Fidencio alikata donge la mahindi. Alitandaza tortilla, akaiweka kwenye kikaango. Haikupasuka. Akaigeuza, akaigeuza tena. Ikavuta pumzi, ikavimba yote, laini na nyepesi.

Alimpelekea Otilia. Akala hiyo, akala ya pili. Bi Hermelinda alisimama mlangoni akimtazama binti yake anavyotafuna, kisha akamgeukia mkwewe.

"Kwetu, tortilla ikimvimbia mtu namna hiyo, tunasema sasa yuko tayari kuoa," alisema, huku akiufungua mtandio. "Basi oa, mwanangu. Mkeo huyo hapo, haendi popote."