Aliyeshika Kamba

Kamba ilipanda ikiwa imelowa. Mvua haikuwa imenyesha Runzewe tangu watu wavune mpunga, na duara, shimo lile la wachimbaji, lilikuwa kavu hadi chini. Agapiti aliipapasa, akajifunga nayo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kushuka katika nyufa ambazo wachimbaji wengine walizikimbia; angeanzaje kuogopa kamba mbichi?

Aliyemshikia kamba alikuwa Edson, mume wa dada yake. Edson hakumshusha kabla ya kumzungushia kitambaa kiunoni ili isimchune.

"Usisahau, shemeji," alimtania. "Chini hakuna jina."

Ndio mwiko wa machimbo yale: ukiwa shimoni hutaji jina la mtu, maana anayetajwa huchukuliwa, na ukitaka kupandishwa unavuta kamba mara mbili.

Agapiti alishuka ubavuubavu, kifua kimebana mwamba huu, mgongo mwamba ule, mpaka atoe pumzi ndipo apite. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikampanda puani. Kisha kamba ikagoma, akawa hapandi hashuki, tochi ikafifia, na chini ya nyayo zake, mahali pasipoenea hata panya, kitu kikavuta pumzi pamoja naye, kikaitoa alipoitoa, kikampanda miguuni polepole kwa ubaridi wa mkono uliolowa, kikapita kiunoni, kikafika sikioni, kikamwuliza kwa adabu kama mgeni anayebisha hodi:

"Nani amekushikia kamba?"

"Edson," alisema Agapiti. "Mume wa Bernadina."

Hapo hapo kitu kile kikaiachia kamba, akavutwa juu. Viganja vya Edson vilikuwa vimechubuka, lakini maji ya kunywa alimpa Agapiti kwanza.

Kesho yake Edson hakuamka kama mtu. Aliketi chumbani akichuruzika maji, ananuka maziwa yaliyochacha. Mkewe akimwita, sauti ilijibu kutoka chini ya sakafu. Mtoto wao alikataa kumsogelea. Bernadina akamleta mganga kutoka Ushirombo, bibi asiye na maneno mengi, naye akaamuru mgonjwa apelekwe kwenye mdomo wa duara. Alipokwisha kufukiza dawa, aliuliza ni nani aliyemtaja mtu huyu shimoni.

"Hakuna, mayu," alisema Agapiti, akimwita mama kwa heshima.

Jini lile la shimoni halikutoka. Edson alianza kutapika maji meusi, na mganga akasema kwa sauti ya chini kwamba jua likizama, atakuwa wa huko chini. Agapiti alitetemeka. Bernadina, aliyedhani kaka yake anaumwa kwa huzuni, akavua kanga yake akamfunika mabegani.

Kanga ile ndiyo iliyomshinda.

"Ni mimi," alisema mbele ya wote, ameinamisha kichwa. "Nilimtoa yeye ili nipande mimi."

Kitu cha baridi kikapita katikati ya miguu ya watu, kikatumbukia duarani kwa mshindo wa ndoo iliyojaa maji. Edson akakohoa, akafumbua macho. Agapiti alipiga magoti kando yake, akashindwa kumtazama.

"Nilikusikia, shemeji," Edson alinong'ona. "Ukinitaja. Nikaendelea kuvuta."

Agapiti alikosa pa kuuweka uso wake. Hapo kamba iliyoning'inia duarani ikavutwa mara mbili.

Shimoni hapakuwa na mtu.

Kwa mazoea, Edson alinyoosha kiganja chake kilichochubuka. Agapiti akamwahi, akaikamata kamba yeye.

Ilikuwa imelowa.